Njia ya Tano

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Bila shaka methali hii ilizaliwa pwani, chini ya mnazi, lakini anayeihitaji zaidi ni msafiri mwenye siku chache na matamanio mengi. Wasafiri nao ni wa namna nyingi. Yuko ambaye akishuka tu katika mji mgeni huulizia hoteli. Yuko anayeulizia msikiti au kanisa. Yuko, hasa yule aliyebeba vyuma vya gofu ndani ya gari, anayeulizia kiwanja na idadi ya mashimo yake. Mjini Eldoret hupatikana mgeni wa aina ya nne. Huyu huulizia njia. Hataki njia ya kumfikisha popote. Ataka tu kujua ni barabara ipi aikimbie alfajiri kisha arudi pale pale alipoanzia.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, siku chache baada ya Eldoret kutawazwa kuwa jiji tarehe 15, mgeni wa aina hiyo aliteremka kutoka katika basi akiwa na mkoba mmoja na jozi mbili za raba. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Mombasa, mwenye umri wa miaka 30. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 800. Ilikuwa Jumanne jioni, tarehe 20, na muhula wa tatu ulikuwa uanze Jumatatu tarehe 26. Ukiondoa siku za safari, alisaliwa na asubuhi nne tu. Katika kijitabu chake alikuwa ameorodhesha njia tano.

Wenzake katika chumba cha walimu walikuwa wamemtania sana. Alipowaambia kwamba angefikia West Indies, mmoja alimwuliza kama serikali imewaongezea walimu mishahara bila yeye kujua. West Indies ya Eldoret, hata hivyo, haina bahari wala mashua. Ni mtaa wa makazi, wenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope mekundu wakati wa masika. Kuna kinaya kidogo katika jina hilo. Visiwa vyenyewe vya West Indies ndivyo vilivyomzaa Usain Bolt, aliyezikata mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009. Mtaa uliorithi jina lao umo katika nchi ambayo sekunde tisa ni muda wa kufunga kamba za viatu tu. Mbio zenyewe ni za saa nzima au mbili.

Njia nne za kwanza katika orodha ya mwalimu zilikuwa na majina na maelezo kamili, kama mtu aandikavyo andalio la somo. Ya kwanza ilikuwa uwanja wa Chepkoilel, katika eneo la Chuo Kikuu cha Eldoret, ambao umewalea wanariadha wengi. Ya pili ilikuwa Iten, kilomita zipatazo 35 kutoka Eldoret, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Huko ndiko Brother Colm O'Connell kutoka Ayalandi alikofika mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's, na baadaye akamnoa David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kila Alhamisi asubuhi wanariadha wa Iten hukusanyika kwa mazoezi waitayo fatileki: dakika moja ya kasi, dakika moja ya pole, au mbili kwa moja, hadi muda utimie. Mgeni yeyote aweza kujiunga nao. Hakuna aulizwaye kadi. Miguu yake ndiyo itakayomtambulisha.

Ya tatu ilikuwa Kaptagat, kwenye misitu na barabara za udongo alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Karibu na huko ndiko Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 Chicago mwaka 2023, alikofia katika ajali ya gari mwezi wa Februari mwaka 2024. Ya nne, ambayo mwalimu alikuwa ameipigia mistari miwili, ilikuwa kipandio cha Fluorspar: kilomita zipatazo 21 za kupanda tupu, kutoka chini kwenye joto la bonde hadi juu kwenye baridi ya Nyaru. Aliyekipanda huwa na la kusimulia hadi uzeeni.

Njia ya tano haikuwa na jina. Palikuwa na namba na nukta, kisha ukurasa mtupu.

Mwenyeji wake alikuwa bibi wa Kikalenjini aliyekaribia miaka 80, ambaye mtaa mzima ulimwita Kogo, yaani nyanya. Usiku huo, baada ya ugali na maziwa ya mursik, Kogo alimwamuru mjukuu wake amsomee kile kijitabu alichokiona mezani. Kijana alikuwa wa miaka 16, mrefu, mkimbiaji wa shule kama walivyo vijana wengi wa huko. Akasoma kwa sauti, namba moja hadi ya nne, kisha akanyamaza.

"Na ya tano?" Kogo akauliza.

"Ya tano haina kitu, Kogo."

Bibi alimtazama mgeni kwa muda, kisha akasema taratibu, "Hiyo naijua."

Ili msomaji aielewe kauli hiyo, hana budi kurudi nyuma hadi siku za mwisho za mwaka 2007. Mwalimu hakuwa mgeni Eldoret. Alizaliwa huko, pembezoni mwa mji, ambapo baba yake alikuwa fundi wa nguo mwenye cherehani moja ya miguu. Lugha ya nyumbani kwao haikuwa lugha ya wengi wa majirani, lakini kwa miaka mingi hilo halikumzuia yeyote kuleta suruali ikatwe pindo. Uchaguzi ulipozua mzozo, lugha ikageuka kuwa hatia. Kote nchini, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata. Kiambaa, si mbali na mji, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Hata riadha haikumkinga mtu. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa katika siku hizo. Luke Kibet, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Osaka miezi michache tu kabla, alipigwa jiwe kichwani.

Mvulana aliyekuwa amemaliza darasa la saba alitembea gizani na wazazi wake na dada yake hadi West Indies, kwa mteja mmoja wa baba yake. Mteja huyo alikuwa Kogo. Aliwaficha siku mbili. Vijana walipogonga langoni, aliwaambia kwamba humo ndani mna mtoto mchanga tu na mama yake. Kilio cha mtoto huyo ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Siku ya tatu familia ilipelekwa kwenye uwanja wa maonyesho, ambao ulikuwa umegeuka kambi ya wakimbizi, na baadaye ikapanda lori. Baba alifia Mombasa mwaka 2015 bila kurudi. Mama naye hadi leo huzima redio likitajwa jina la mji huo. Yule mtoto mchanga ndiye kijana aliyeshika kijitabu mkononi.

Jumatano asubuhi walikwenda Chepkoilel. Mwalimu alikuwa amezoea kukimbia kilomita kumi ufukweni, kandokando ya bustani ya Mama Ngina, bila shida yoyote. Hapa mzunguko wa tatu ulimkuta ameinama, mikono magotini, akiitafuta pumzi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Wala si ajabu. Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten ni mita 2,400. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile iliyoko Mombasa, bali mgandamizo wa hewa hupungua. Kule Iten ni takriban robo tatu ya ule wa pwani, na kila pumzi humletea mtu kidogo kuliko alivyozoea. Mwili hujirekebisha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mgeni wa siku nne hana wiki. Kwa hiyo busara humtaka achague njia kwa mapafu aliyo nayo, si kwa mapafu anayoyasoma magazetini.

Busara hiyo haikumfikia mwalimu mapema. Alhamisi alipanda matatu ya alfajiri kwenda Iten. Waliokuwa wamekusanyika walikuwa wengi kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi, wenye viatu vipya na wenye viatu vilivyotoboka vidole. Mmoja akatangaza idadi ya dakika, na kundi likaondoka. Kishindo chake kilisikika ardhini kabla ya kusikika masikioni. Katika dakika ya sita mwalimu alikuwa nyuma ya wote. Katika dakika ya kumi alikuwa peke yake, na vumbi la mabingwa likimtua kwenye kope. Aliporudi West Indies hakuwa na huzuni. Alikuwa amepiga picha chini ya lile lango maarufu la Iten, na akaipigia njia ya pili alama ya vema.

"Ulikimbia na nani?" Kogo akamwuliza.

"Na wengi, Kogo. Zaidi ya mia."

"Mmoja anaitwaje?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Katika zaidi ya watu mia, hakuwa amesema na yeyote.

Usiku huo alikaa na kijitabu chake. Ijumaa ilikuwa siku ya Fluorspar. Alikuwa amekwisha kupatana na mwenye gari wa kumshusha bondeni alfajiri. Akili yake ilimwambia kwamba mtu aliyeshindwa na mizunguko mitatu ya Chepkoilel hawezi kilomita 21 za kupanda. Hata hivyo, haikuwa akili tu iliyompa mashaka. Alianza kujiuliza kwa nini aliziandika njia nne kwa wino na kuiacha moja tupu. Je, alikuja Eldoret kukimbia, au alikimbilia Iten, Kaptagat na Fluorspar ili asije Eldoret? Jina kubwa la njia ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mtu aliyerudi kwao kwa kisingizio cha mazoezi aweza kuuzunguka mji wake kwa siku nne, akarudi na picha kumi, na asikanyage pale alipozaliwa. Saa nne usiku alimpigia simu mwenye gari akamwomba radhi.

Asubuhi ya Ijumaa alimwambia kijana, "Leo twende njia fupi. Kilomita sita hivi, kwenda na kurudi."

"Ipi hiyo, Mwalimu?"

"Ya tano."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na matope yaliganda kwenye soli hadi kila mguu ukawa mzito kama tofali. Walikimbia polepole, wakizungumza, kwa mwendo ambao mwanariadha yeyote wa Iten angeuita matembezi. Barabara ambayo mwalimu aliijua ikiwa ya udongo sasa ilikuwa na lami. Palipokuwa na mashamba ya mahindi palikuwa na nyumba za kupangisha za orofa tatu, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Alipita mahali alipodhani ndipo palipokuwa nyumba yao, akarudi, akapita tena. Hakupatambua. Kwa miaka 16 alikuwa akipaogopa mahali ambapo hata hapakuwapo tena.

Alichokitambua ni mawe. Jina la Eldoret lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Kwenye kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao palikuwa na majabali matatu, moja likiwa bapa kama meza, ambapo mama yake alifulia na baba yake aliegemeza baiskeli. Majabali yalikuwapo. Mwalimu alisimama mbele yake, saa ya mkononi ikiendelea kuhesabu dakika, naye asikumbuke kuisimamisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe wawili aliwasogelea. "Habari zenu. Mnamtafuta nani?"

Kijana, kwa adabu, akajibu, "Hatumtafuti mtu, mzee. Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kusimama?" mzee akasema, akacheka.

Hapo mwalimu akasema neno ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Mimi ni mtoto wa yule fundi wa nguo aliyekuwa akikaa hapa."

Kicheko kikamkauka mzee. Alimtazama miguuni, akapanda hadi usoni, kana kwamba anampima kitambaa. Kisha akauliza, "Mwenye cherehani ya miguu? Yu hai?"

"Alifariki, mzee. Mwaka 2015."

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Ng'ombe mmoja alishuka kunywa maji. Hatimaye akasema, "Alinishonea koti la harusi ya binti yangu. Nilibakisha shilingi mia mbili. Kisha mambo yakawa yale." Akaelekeza fimbo upande wa juu, kusikokuwa na kitu. "Rudini kesho. Leo sina."

Mwalimu alifungua kinywa aseme kwamba deni hilo limekwisha kufutika. Hakusema. Alikuwa na swali jingine kooni, swali ambalo kila aliyerudi mahali kama hapo huwa nalo: mzee huyu alikuwa wapi usiku ule? Alikuwa amejifungia ndani akitetemeka, au alikuwa njiani na wenzake? Uso wa mzee haukulijibu, na mwalimu hakuliuliza. Huenda hilo lilikuwa woga, huenda lilikuwa utu. Yeye mwenyewe hajaweza kuamua hadi leo. Alisema tu, "Tutarudi, mzee."

Jumamosi ilikuwa ya Kaptagat. Kijana alikuwa ameingoja kwa hamu, kwani alitarajia kuwaona mabingwa kwa macho yake. Mwalimu alimpa nauli aende na rafiki yake. Kijana akaitazama nauli, akaitazama njia ya matope, akairudisha. "Kaptagat haihami, Mwalimu," akasema. Wakakimbia tena njia ile ile ya kilomita sita, na safari hii Kogo aliwafuata kwa bodaboda, amejifunga shuka, akiwapungia mkono kila walipopitwa.

Mzee aliwangoja kwenye majabali. Alikuwa amevaa koti, ingawa si lile. Yeye na Kogo walisalimiana kwa lugha yao, maneno machache ambayo mwalimu hakuyafuata yote na ambayo hakuna aliyemfasiria. Kisha mzee akatoa noti mbili za mia, zimekunjwa mara nne, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akazipokea kwa mikono miwili. Kuzikataa kungekuwa sawa na kumwambia mzee kwamba hawezi kulipa tena.

Jioni hiyo alipanda basi. Katika orodha yake, Kaptagat na Fluorspar zilibaki bila alama. Wakimbiaji wenzake wa Mombasa watamcheka, kwani amekaa asubuhi nne katika nchi ya mabingwa, na mbili kati ya hizo amezitumia kwenye njia isiyojulikana na yeyote, ndefu kuliko nyingine kwa matope tu. Lakini njia ya kukimbia ina mambo mawili yasiyoandikwa katika maelezo yake. La kwanza ni nani atakayekuwa kando yako pumzi zikikuishia. La pili ni nini utakachoweza kumwambia aliyebaki nyumbani. Iten haikumpa jina la mtu hata mmoja. Kijito cha mawe matatu kilimpa ushuhuda, deni na swali.

Alipofika nyumbani, mama yake alimwuliza alikokimbia. Alimweleza Chepkoilel, akamweleza Iten, akamwonyesha picha ya lango. Kisha akaziweka zile noti mbili mezani na kueleza zilikotoka, kituo kwa kituo, kuanzia lami mpya hadi majabali. Alitarajia machozi, au hasira. Mama alizikunjua noti, akazinyoosha kwa kiganja kama anyooshavyo pindo, akazitazama kwa makini.

"Deni la koti lile," akasema, "lilikuwa mia tatu. Niliandika mwenyewe katika daftari la baba yako."

Kwa mara ya kwanza katika miaka 16, alikuwa ametamka jambo la Eldoret bila kuombwa. Mwalimu hakumjibu. Alifungua kijitabu, na mbele ya namba tano, kwenye ile nafasi tupu, akaandika: imebaki mia moja. Watu wa pwani wajua kwamba koroma si nazi iliyoharibika. Ni nazi ambayo bado haijakomaa, na likiachwa mtini hukomaa.